Bibi Titi Mohamed: aliangushwa na nyumba, na kura za Rufiji, au na Kambona? Wazee wa mjini njooni

#1 Mzawa wa Gerezani

Habari za jioni wadau.

Jana nilikuwa kwenye teksi, tumekwama foleni barabara ya Bibi Titi pale mbele ya Maktaba Kuu. Dereva ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Nikamuuliza, huyu Bibi Titi unamjua? Akanijibu kwa adabu kabisa: "Si mama yake rais mmoja hivi, mzee?" Usiku sikupata usingizi vizuri.

Mwanamke kazaliwa Dar es Salaam Juni 1926, kasoma miaka minne tu ya shule ya msingi, sauti yake ndiyo iliyokuwa inaongoza kikundi cha ngoma cha Bomba. 1954 TANU inazaliwa, mumewe anaingia, na yeye anaingia. Mwaka uliofuata anaizunguka Dar nyumba kwa nyumba kuwatoa wanawake uani. Baada ya hapo anaizunguka nchi pamoja na Mwalimu. 1962 UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, inaundwa, mwenyekiti wa kwanza ni yeye. Alipofika hapo hakuna mwanamke Tanganyika aliyejulikana kuliko yeye.

Halafu angalieni kasi ya kuanguka. 1965 ubunge umekwenda. 1967 kajiuzulu uongozi. Oktoba 1969 kakamatwa kwa tuhuma za uhaini. 1971 kifungo cha maisha.

Naomba tuulizane bila jazba: nini kilimuondoa? Mimi naamini ni nyumba. Azimio la Arusha lilisema kiongozi asipangishe nyumba, na yeye hakukubali. Yote yaliyofuata yalitokea hapo.

#2 Kijana wa Upanga

Nimesogeza kiti. Ila mkuu, huyo dereva msamehe, mimi nimesoma DIT miaka mitatu, nimeivuka hiyo barabara kila siku pale kona ya Morogoro Road, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kunieleza zaidi ya mstari mmoja wa kitabu.

#3 Mama Zuhura

Hivi mnajua kwamba kipande cha barabara hiyo zamani kilikuwa kinaitwa mtaa wa UWT? Wazee wenzangu mpaka leo wakikuelekeza wanasema "kata kushoto UWT". Kwa hiyo jumuiya aliyoiongoza imempisha jina. Mimi hilo linanifurahisha.

#4 Fundi Saa

Alikuwa waziri wa kwanza mwanamke nchi hii, na akafungwa pamoja na Oscar Kambona, yule aliyewahi kuwa waziri wa Nyerere. Kesi ilikuwa ya Kambona, yeye aliburutwa tu.

#5 Wakili Mtoro

Fundi Saa, taratibu ndugu yangu, hapo kuna makosa mawili.

Kambona hakufungwa. Aliondoka nchini Julai 1967 akaenda London, na kesi ilipoanza 1970 alikuwa bado huko. Kwenye mashtaka jina lake limo, lakini kizimbani hakuwapo. Waliosimama mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges ni saba: Gray Mattaka, John Chipaka, Eliya Chipaka, Bibi Titi, Michael Kamaliza aliyewahi kuwa Waziri wa Kazi, William Chacha na Alfred Milinga. Milinga aliachiwa. Watu hupenda kusema "Bibi Titi na wanajeshi", lakini Mattaka alikuwa mwandishi wa habari, na Kamaliza ni mtu wa vyama vya wafanyakazi. Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Potlako Leballo wa PAC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa na ofisi hapa Dar.

La uwaziri, waziri kamili wa kwanza mwanamke tulimpata 1975, na walikuwa wawili: Julie Manning, Sheria, na Tabitha Siwale, Ardhi. Kabla ya hapo ni manaibu.

#6 Kilele cha Kibo

Na kwenye hao manaibu msimsahau Lucy Lameck wa Moshi. Muuguzi, kasoma mpaka Ruskin College kule Oxford, kaingia Baraza la Kutunga Sheria 1960. Wengi wanamhesabu yeye kuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa uwaziri nchini. Dar mnapenda kudhani historia yote ilianzia Kariakoo.

#7 Mama Zuhura

Kilele cha Kibo, karibu sana, tulijua utafika. Lucy Lameck hatumsahau. Lakini huyo Lucy angehutubia wanawake gani kama wasingekuwa wameshatoka nje?

#8 Kilele cha Kibo

Wa Moshi walitoka wenyewe mama, hawakusubiri ngoma.

#9 Mjukuu wa Somoe

Shikamooni wakubwa.

Mimi bibi yangu mzaa mama yuko hai, ana zaidi ya miaka tisini, tunaishi naye Ilala. Alikuwa mcheza lelemama, ile ngoma ya wanawake. Nimekua nikimsikia akieleza habari ya yule Mwingereza wa chama cha Labour, John Hatch, aliyekuja 1955. Alihutubia Mnazi Mmoja, watu ni wengi kupita kiasi. Baadaye akawauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Chama kina mwaka mmoja na hakina safu ya wanawake ya kumwonyesha mgeni. Hapo ndipo Bibi Titi alipoitwa, na Tatu binti Mzee naye alikuwamo.

Bibi anasema watu wa siku hizi hawaelewi kwa nini ilikuwa lazima kupitia ngoma. Mwanamke wa mjini wakati ule haendi mkutanoni. Mume hataki, majirani watamsema, na yeye mwenyewe anaona haya. Lakini kwenye kikundi cha ngoma anakwenda, tena kwa ruhusa, maana ni harusi, ni unyago, ni maulidi ya fulani. Kikundi kina mwenyekiti wake, kina mtunza fedha, kina sare, kina utaratibu wa kuitana: ujumbe ukitoka saa nne asubuhi, adhuhuri kila mtu anao. Bibi Titi hakujenga kitu kipya. Aliwaendea viongozi wa vikundi, mmoja mmoja, akakaa nao mkekani. Ukimpata kiongozi umepata kikundi kizima. Ndiyo maana kufikia Oktoba 1955 wanawake elfu tano walikuwa na kadi.

Tena alikuwa anawaambia maneno yasiyo na mzunguko: hawa wanaume wote nyinyi ndio mmewazaa, mnaogopa nini?

#10 Kijana wa Upanga

#9 asante sana. Elfu tano kwa miezi michache, bila simu.

#11 Nahodha Mstaafu

Bibi yako kwenye taarabu alikuwa kikundi cha Egyptian au Al-Watan?

#12 Mjukuu wa Somoe

Taarabu alipenda Egyptian, babu.

#13 Nahodha Mstaafu

Basi nimeelewa kwa nini ana kumbukumbu nusu. Mama yangu alikuwa Al-Watan. Mwambie nampa mkono hata hivyo.

#14 Mjukuu wa Somoe

Nimemsomea. Amecheka mpaka akakohoa, anasema Al-Watan mlikuwa mnapendeza lakini hamkuwa mnasikika.

#15 Mzawa wa Gerezani

Turudi kwenye mada jamani, ingawa hayo nayo ni matamu. #5 asante kwa kuweka sawa. Lakini wakili, swali langu la nyumba hujaligusa.

#16 Binti wa Rufiji

Mimi sikubaliani na mleta mada. Alianguka kabla ya Azimio. Septemba 1965 ndiyo tarehe yake. Uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, karibu kila jimbo wagombea wawili wote wa TANU, alama ni jembe na nyumba. Aligombea kwetu Rufiji, kwa sababu ana asili ya huko, na akashindwa. Kwa nini? Kwa sababu sisi Rufiji tulikuwa na haki ya kumtaka mtu anayelala Rufiji. Mamba, mafuriko, mpunga kuliwa na ndege, hayo hayaeleweki ukiwa unaishi Temeke. Babu yangu alipiga kura ile, na hakumchukia hata kidogo. Alikuwa akisema, "Yule ni wa nchi nzima, sisi tulitaka wa kwetu."

Wala hakuwa peke yake. Mwaka huo huo Paul Bomani, Waziri wa Fedha mzima, aliangushwa Mwanza. Wananchi walipiga kura kwelikweli.

#17 Fundi Saa

Hiyo ya Bomani ni kweli. Lakini Bomani aliangushwa akarudi serikalini. Bibi Titi kilichomrudisha ni nini? Hapo ndipo uone tofauti ya mtu mwenye elimu na asiye nayo. Wakati wa kudai uhuru ilitakiwa sauti. Baada ya uhuru yakatakiwa makaratasi. Miaka minne ya shule haikumtosha mbele ya vijana waliotoka Makerere.

#18 Shangazi wa Temeke

Naomba nizungumze juu ya nyumba kwa sababu naona wanaume mnalipita haraka.

Mwanamke wa mjini wa miaka ile, ambaye hana cheti, hana mshahara wa serikali, hana shamba la kahawa kama wa Moshi (pole Kilele), akiba yake ilikuwa wapi? Benki hakuijua. Alikuwa na dhahabu ya masikioni, na alikuwa na vyumba. Vyumba ndivyo pensheni yake. Akiachwa na mume, vyumba. Akiugua, vyumba. Mwanawe akitaka ada, vyumba.

Mama yangu alikuwa na nyumba ya Kiswahili Temeke, vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko na choo. Viwili tukikaa sisi, vinne wapangaji. Hakujua kusoma. Kila mpangaji alikuwa na alama yake ya mkaa juu ya fremu ya mlango wa jikoni: mmoja msalaba, mmoja duara, mmoja mistari miwili, mmoja kama samaki. Akilipa, mama anapiga nukta chini ya alama. Mwisho wa mwezi anakaa kitandani anazihesabu sarafu kwenye upande wa kanga, anazifunga fundo, fundo linaingia chini ya mto. Nyumba ile aliijenga kwa kuuza vitumbua miaka kumi na moja. Nimezihesabu nukta zile mimi mwenyewe nikiwa mtoto, na tulipokuja kupaka rangi ukuta, aliniambia ule upande usiuguse.

Sasa aje mtu amwambie: ukitaka kuwa kiongozi, achana na hivyo. Mwenye mshahara wa kila mwezi na nyumba ya serikali, hilo sharti kwake ni jepesi. Kwa mwanamke kama mama yangu, ni kumwambia avue nguo hadharani. Bibi Titi alitoka kwenye wanawake wa aina hii. Kwa hiyo mimi simwoni kama bepari aliyependa kodi. Namwona kama mwanamke aliyejua kwamba siku wakimchoka, atabaki na kuta zake tu.

#19 Mzawa wa Gerezani

Shangazi, hapo umenimaliza. Nilisema nyumba lakini sikuwa nimeyafikiria hayo.

#20 Kilele cha Kibo

Pole nimeipokea. Na mama mkubwa wangu Moshi mjini naye alikuwa na vyumba, kwa hiyo hata kwetu lilikuwapo.

#21 Jirani wa Keko

Na kweli serikali ilizichukua hizo nyumba 1967. Familia yetu ilipoteza moja.

#22 Wakili Mtoro

Jirani, samahani, hapo tusichanganye. 1967 Azimio halikuchukua nyumba ya mtu. Lilitangazwa tarehe 5 Februari na likaweka miiko ya uongozi: usiwe na hisa kwenye kampuni, usiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, usipokee mishahara miwili au zaidi, usiwe na nyumba ya kupangisha. Na mke au mume alihesabiwa pamoja nawe. Asiyetaka aliachia uongozi, akabaki na nyumba yake. Kutaifisha majumba kulikuja Aprili 1971 kwa sheria nyingine, na kuligusa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi laki moja kwenda juu. Hayo ndiyo yaliyokwenda kwa Msajili wa Majumba. Nyumba ya vyumba sita ya Temeke isingeguswa.

Mama wa Shangazi, kwa maana hiyo, angeweza kuishi na vyumba vyake kwa amani. Asingeweza tu kuwa kiongozi. Na niseme wazi kwamba mimi natetea miiko ile. Nchi ilikuwa na miaka mitano, viongozi walikuwa wameanza kujenga majumba na kuwapangishia mabalozi. Sheria haiwezi kumpimia kila mtu kwa kibaba chake.

#23 Shangazi wa Temeke

Wakili, "asingeweza tu kuwa kiongozi". Isome tena hiyo sentensi yako. Wangapi kama yeye waliachwa nje ya mlango?

#24 Wakili Mtoro

Nimeisoma. Sina jibu jepesi, Shangazi.

#25 Ustadh wa Mchikichini

Mnazunguka. Mwaka 1968 EAMWS, jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki, ilivunjwa, ikaja BAKWATA. Bibi Titi alikuwa mtu wa karibu katika mambo yale. Mwaka mmoja baadaye kakamatwa. Mnataka kuniambia hilo halina uzito?

#26 Nahodha Mstaafu

Lina uzito, Ustadh, lakini kizimbani alisimama pamoja na Wakristo wengi kuliko Waislamu. Nakuomba kwa heshima tusiugeuze uzi kuwa wa dini.

#27 Ustadh wa Mchikichini

Sijaugeuza. Nimeongeza jambo ambalo watu hupenda kulifumbia macho. Nimemaliza.

#28 Fundi Saa

Tuulizane lile ambalo wote tunalikwepa: alifanya au hakufanya?

#29 Wakili Mtoro

Mahakama ilimtia hatiani baada ya siku 127 za kusikiliza. Hiyo ndiyo kumbukumbu. Jaji Georges hakuwa jaji wa kuamrishwa, anaheshimika mpaka leo kwa kazi aliyoifanya nchi hii. Lakini kumbukumbu nyingine ni kwamba 1972, baada ya kama miaka miwili gerezani, Mwalimu alimsamehe. Ukiamini kweli mtu alitaka kuipindua serikali yako kwa silaha, unamwachia mapema hivyo? Wengine husema huo ndio utu wa Mwalimu. Wengine husema alijua zaidi ya yale yaliyosemwa mahakamani. Mimi nimekaa na faili hili kichwani miaka mingi na bado sijaamua.

#30 Mama Zuhura

Alitoka 1972 akakuta nini? Ndoa imevunjika, marafiki wamepotea. Miaka karibu ishirini jina lake halitajwi. 1984 mtafiti Susan Geiger alipokuja kumhoji alikuta mwanamke mwenye kumbukumbu kali ambaye nchi yake ilikuwa imeacha kumuuliza.

#31 Kijana wa Upanga

Na mume mbona hatumtaji? Boi Selemani. Alikuwa dereva wa teksi. Mzawa wa Gerezani, ukikutana tena na yule kijana wako, mwambie aliyemruhusu Bibi Titi kuingia TANU alikuwa dereva mwenzake.

#32 Mzawa wa Gerezani

Nimeona mwili unanisisimka. Namba yake ninayo, nampigia kesho.

#33 Jirani wa Keko

Asante wakili kwa #22, nimemuuliza baba, kweli ilikuwa 1971. Na lilikuwa ghorofa la babu mdogo, si la kwetu.

Jambo moja nimeliona nikisoma tarehe zenu. Februari 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza miiko, kiongozi akaruhusiwa kupangisha nyumba. Desemba mwaka huo huo, uhuru unatimiza miaka 30, gazeti la chama linamwandika Bibi Titi kama shujaa wa uhuru. Mwaka mmoja! Kile alichojiuzulu kwa ajili yake kimeruhusiwa, na yeye karudi magazetini. Miaka 24 ilipita katikati.

#34 Shangazi wa Temeke

Na alipoambiwa shujaa alikuwa na miaka 65. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Mungu amrehemu.

#35 Binti wa Rufiji

Amina. Lakini bado nasema ni kura zetu. Angekuwa mbunge 1967, angekuwa na pa kusimama.

#36 Fundi Saa

Nami bado nasema makaratasi.

#37 Mjukuu wa Somoe

Wakubwa, nimerudi. Jana usiku niliuliza swali la #28 nyumbani. Bibi hakujibu. Alinyamaza muda mrefu, akaomba nimshushie ile fremu ya ukutani chumbani kwake.

Ni fremu ya mbao yenye kalenda ya mwaka 1969, ya duka la vitambaa, rangi imekwisha, karatasi imekuwa kama ngozi ya kitunguu. Tumekua tukiiona, tukidhani anapenda tu lile ua lililochorwa juu. Akaniambia nitoe misumari nyuma. Chini ya kalenda kuna picha. Wanawake kama ishirini na tano, wamesimama safu tatu uwanjani, wengi baibui zimeshushwa mabegani, kanga sare. Bibi anasema ni kikundi chao, asubuhi ya mkutano Mnazi Mmoja. Oktoba ile alipokamatwa mwenzao, redio ilipotangaza, kila nyumba yenye picha kama hizo iliingia hofu. Wengine walichoma. Yeye hakuweza kuchoma, akakata kalenda ya mwaka ule akaiweka mbele. Hajaitoa tangu hapo, hata 1991. Nilipomuuliza mbona hukuitoa waliposema ni shujaa, akasema, "Wao wamesema. Mimi niliificha, nilikuwa naona haya kuitazama."

Sasa anaitazama. Anamjua yeye mwenyewe, safu ya kati, wa tatu kutoka kushoto. Anamjua mmoja wa mbele aliyekuwa akiishi mtaa wa Swahili, Kariakoo, na mwingine mwembamba wa safu ya nyuma aliyekuwa mpiga tari, mtu wa Gerezani. Waliobaki sura anazikumbuka, majina yamemtoka, na jambo hilo limemliza leo asubuhi.

Kama kuna mtu hapa mama yake au bibi yake alikuwa kwenye lelemama Ilala, Kariakoo au Gerezani miaka ya hamsini, anitumie ujumbe wa faragha aje atazame. Nyumbani tupo kila siku baada ya alasiri.

#38 Nahodha Mstaafu

Mpiga tari wa Gerezani, mwembamba? Ana kovu kwenye nyusi ya kulia? Nakutumia ujumbe sasa hivi.